Gamondi na Yanga: alimalizwa na kutozungusha kikosi, ratiba, au ni Nyuki wa Tabora?

#1 Mtemi wa Isevya

Wakuu, salaam.

Tangu Stars ivuke makundi ya AFCON kule Morocco kwa mara ya kwanza, hapa Tabora mjini hakuna kijiwe kisichomtaja Miguel Gamondi, kocha aliyeivusha na kocha wetu wa zamani Yanga. Wananchi wenzangu wengi, yaani mashabiki wa Yanga, wanasema uongozi wa Yanga ulikosea kumwacha, kwamba mtu aliyetupa 5-1 dhidi ya Simba hafukuzwi kwa mechi mbili. Mimi sikubali, ndiyo maana nimeleta uzi.

Tukumbushane kwanza. Msimu wa 2024/25 Yanga ilianza ligi kwa kushinda mechi nane mfululizo bila nyavu zetu kuguswa. Tarehe 2 Novemba 2024 Azam wakatufunga 1-0 pale Chamazi. Siku tano baadaye, uwanja uleule, Tabora United, hawa Nyuki wa Tabora, wakatupiga 3-1. Tarehe 15 Novemba Gamondi na msaidizi wake Moussa Ndaw wakaondoka.

Hoja yangu: shida haikuanza na Azam. Ilianza pale kocha alipopewa kikosi kipana akaendelea kukitumia kama chembamba. Alikuja Chama, akaja Dube, Baleke, Abuya, Boka. Benchi likawa zito kuliko la timu yoyote nchini. Lakini mechi ngumu ikifika, uti wa mgongo ni uleule wa msimu uliotangulia: Aucho na Mudathir katikati, mbele yao Max, Aziz Ki na Pacome. Miguu ikaisha Oktoba, msimu haujafika hata nusu.

Mwenye kupinga apinge kwa hoja.

#2 Kipenga cha Cheyo

Naunga mkono. Nililisema hili tangu Septemba nikaambiwa nina gundu.

#3 Beki Tatu Kitete

Mtemi umeruka jambo kubwa mno. Mechi ya Azam, beki wetu wa kati Bacca alilambwa kadi nyekundu mapema kipindi cha kwanza. Bao la Gibril Sillah limekuja tukiwa tayari kumi. Tumecheza pungufu zaidi ya saa nzima, na tumefungwa moja tu. Hapo rotesheni inaingiaje?

Na mechi ya Tabora, Bacca yuko jukwaani anatumikia adhabu. Mtoe Bacca kwenye ile timu uone ukuta unabaki na nini. Kila beki pembeni yake alikuwa anacheza kwa kujiamini kwa sababu anajua kuna mtu wa kufuta makosa. Siku hiyo hakuwepo.

#4 Nyuki wa Ng'ambo

Jamani mimi nasoma huu uzi damu inachemka. Mnaisimulia ile mechi kana kwamba upande wa pili zilipangwa koni za mazoezi. Tabora United walikuwa uwanjani! Offen Chikola kafunga mawili. Heritier Makambo kafunga moja, tena Makambo yuleyule mliyemshangilia enzi za kocha Zahera, "anawajaza". Bao lenu la Mzize limekuja dakika za lala salama mechi imeshakwisha.

Kama Chikola alikuwa wa kawaida, mbona msimu uliofuata Yanga wenyewe walienda kumsajili? Mtu hakufungi nyumbani kwako mara mbili ndipo ukamwita wa kubahatisha.

Hii timu ilianza ligi Agosti 2023 ikiitwa Kitayosce, imeingia Chamazi na wachezaji wanane kwa sababu ya matatizo ya usajili, mechi ikavunjika Azam wakiongoza 4-0. Msimu ule ikaponea kwenye mchujo. Kutoka pale mpaka kumpiga bingwa mtetezi tatu ni kazi ya watu. Naomba tuheshimiwe.

#5 Mnyama wa Ujiji

Nimepita kusema asanteni Tabora. Kigoma tulishangilia mpaka Mwanga yote ikajua. Endeleeni.

#6 Beki Tatu Kitete

@Mnyama wa Ujiji wewe ungekaa kimya. Aprili 2024 Mashujaa waliwatoa Simba Kombe la Shirikisho hapohapo Lake Tanganyika kwa penalti. Hukushangilia siku hiyo?

#7 Mnyama wa Ujiji

Nilishangilia. Mashujaa ni damu yangu, na mwenyeji akishinda mji mzima unakula. Tofauti yetu ni kwamba sisi tukifungwa na timu ya mkoa hatuandiki tasnifu.

#8 Kipenga cha Cheyo

Hamwandiki tasnifu, mnafukuza kocha harakaharaka. Robertinho aliondoka siku chache tu baada ya zile tano.

#9 Kibirizi Takwimu

Habari wakuu. Mimi ni Mwananchi niko Kigoma, napenda kuhesabu kabla ya kulaumu. Tuweke ratiba mezani.

Simba tarehe 19 Oktoba, tumeshinda 1-0. JKT Tanzania tarehe 22, tumeshinda 2-0. Coastal Union tarehe 26 kule Arusha, 1-0. Singida Black Stars tarehe 30 Zanzibar, 1-0. Azam tarehe 2 Novemba. Tabora United tarehe 7 Novemba. Mechi sita ndani ya siku ishirini, na katikati yake Arusha na Unguja.

Ukiiangalia harakaharaka unasema Mtemi yuko sahihi, watu walichoka. Lakini angalia mapengo. Kati ya Singida na Azam kuna siku mbili tu za kupumzika. Kati ya Azam na Tabora kuna siku nne, pengo kubwa kuliko yote katika kipindi hicho. Sasa kama tatizo ni uchovu, mbona kipigo kikubwa kimekuja baada ya mapumziko marefu zaidi?

Mimi naona kitu kingine. Angalieni mabao. Moja, mawili, moja, moja. Na lile la Simba alijifunga Kelvin Kijili. Timu iliyomaliza msimu wa 2023/24 na pointi 80, Aziz Ki peke yake ana mabao 21, sasa inashinda kwa kukwangua. Mabao yalikauka kabla ya kipigo. Ukuta ukawa unaficha ubovu wa mbele. Siku ukuta ulipopasuka hakukuwa na mabao ya kufidia.

#10 Nyuki wa Ng'ambo

Takwimu nzuri mkuu, ila hapo nawe hujaitaja Tabora. Ukuta haukupasuka wenyewe.

#11 Mtemi wa Isevya

@Kibirizi Takwimu asante kwa ratiba, ila umenisaidia mimi. Uchovu si kitu cha siku nne ukaondoka. Ule ni mrundikano. Mchezaji aliyecheza mechi tano kwa wiki mbili na kusafiri mara mbili, ukimpa siku nne anapata pumzi, hapati kasi. Na kukauka kwa mabao unakokusema, kunatoka wapi kama si kwa wale wale watatu wa mbele kufika golini wakiwa hawana hatua ya mwisho?

Halafu hili la kuwachosha halikuanza msimu ule. Mkumbuke Machi 2024. Tarehe 17 tunacheza ligi na Azam, tunafungwa 2-1 na Pacome anaumia. Wiki mbili mbele tuna Mamelodi Sundowns robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mechi ya kwanza pale kwa Mkapa tunaingia bila Aucho, bila Pacome, bila beki Yao. Ikaisha 0-0. Hiyo ndiyo mechi ya kumwua Mamelodi, nyumbani, na sisi silaha zetu ziko hospitali.

Robo fainali ya kwanza katika historia ya klabu, tumeiendea tukichechemea.

#12 Dada Asali wa Sikonge

Mtemi kaka yangu, umeniuma pale. Mamelodi mimi bado sijapoa. Kule Pretoria mpira wa Aziz Ki umegonga mwamba umedundia ndani ya mstari, dunia nzima imeona, wakasema si goli. Tukafa kwa penalti 3-2. Utanieleza nini kuhusu rotesheni? Kile kilikuwa cha mwamuzi.

#13 Mzee wa Reli

Vijana, nawasalimu.

Nirekebishe jambo moja la Mtemi kule juu. Robo fainali ile haikuwa ya kwanza. Yanga ilifika robo fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1969, tukakutana na Asante Kotoko wa Ghana. Sare huku 1-1, sare kule 1-1, mshindi akapatikana kwa kura. Kura! Mwaka uliofuata, 1970, tukafika tena robo. Kwa hiyo semeni robo ya kwanza tangu mfumo wa makundi uanze. Na makundi yenyewe tulikuwa hatujacheza tangu 1998.

Nawaambia hivi kwa sababu mnapozungumza urithi wa kocha, lazima mjue nyumba aliikuta ina nini.

#14 Kipenga cha Cheyo

Shikamoo mzee wangu. Hapo umetufunga.

#15 Mzee wa Reli

Marahaba mwanangu. Mimi sikuja kufunga mtu, nimekuja kusoma. Endeleeni.

#16 Kocha wa Urambo

Wakuu, mimi nafundisha timu ya sekondari huku Urambo, nina leseni ya ngazi ya chini tu, lakini hili la kuzungusha kikosi ndilo linaloninyima usingizi kila UMISSETA ikikaribia. Niseme ninachokiona kwa karibu.

Kwenye mashindano yale mnacheza karibu kila siku, uwanja mgumu, jua la Tabora mnalijua. Kuna mwaka nilikuwa na kiungo mmoja mfupi, mpole, kila mpira unapita kwake. Mechi ya tatu nikamwona anafanya jambo dogo: kila mpira ukitoka nje anashika magoti. Hajalalamika, pasi zake bado zinafika. Ila kabla ya mechi ile alikuwa anageuza shingo kutazama nyuma yake kabla hajapokea, sasa hatazami tena. Anapokea akiwa kipofu. Nikamwacha kwa sababu tulikuwa tunaongoza. Dakika chache baadaye akapokonywa katikati, wakatufunga.

Uchovu wa kiungo hauonekani miguuni kwanza, unaonekana shingoni. Ndiyo maana namwelewa Mtemi anapomtaja Aucho. Aucho, tunayemwita Daktari, alikuwa mchezaji mkubwa sana, lakini ile kazi aliyopewa, ya kufunika uwanja mzima ili watu watatu mbele yake wacheze wanavyotaka, haibebwi na mtu mmoja msimu mzima.

Upande wa pili, nampinga Mtemi kwenye jambo moja. Huwezi kuzungusha kila idara sawasawa. Mabeki wa kati hawazungushwi ovyo, wale wanaishi kwa kuzoeana. Winga na mshambuliaji unaweza kumbadilisha kila mechi asisumbuke mtu. Gamondi alilijua hilo. Alipompoteza Bacca kwa lazima, si kwa hiari yake, ndipo tukaona.

#17 Beki Tatu Kitete

Huyu ndiye kocha. Bacca, Bacca, Bacca. Nimesema post namba 3.

#18 Kibirizi Takwimu

Mwalimu hilo la shingo nalichukua, nitaanza kuwatazama viungo kwa namna hiyo.

Ila tusimsingizie Gamondi kwamba hakuzungusha kabisa. Boka alichukua namba kushoto. Abuya alicheza, Dube alicheza, Baleke alipewa dakika. Hoja ya kweli ni kwamba wale watatu wa nyuma ya mshambuliaji hawakuguswa, na Chama ndiye aliyeumia zaidi. Umemtoa mchezaji mkubwa Simba, nchi nzima imetikisika, halafu hujui umweke wapi. Chama na Aziz Ki wanataka eneo moja la uwanja.

#19 Mnyama wa Ujiji

Tuliwaambia Chama si wa kukaa benchi. Hamkusikia.

#20 Dada Asali wa Sikonge

Nisimulie ya siku ile ya Tabora, maana wengi mnaongea kama mlikuwa Chamazi, kumbe mlikuwa mnaangalia kwenye runinga kama mimi.

Niliifuata mechi kwenye kibanda umiza cha Ng'ambo, mia tano mlangoni. Benchi za mbele Yanga, za nyuma Simba waliokuja kutafuta mkosi wetu, na katikati vijana kama kumi wamevaa jezi za Tabora United, hao kila mtu anawatania. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa kijani yangu. Chikola alipofunga lake la kwanza, wale vijana kumi wakaruka, na nusu ya benchi za Yanga zikaruka nao. Watu wazima, wamevaa njano na kijani, wanaruka! Jirani yangu, mzee wa makamo, nikamwuliza wewe ni wa wapi? Akanijibu, "Mimi Yanga, lakini huyu ni wa kwetu."

Makambo naye alipofunga, pale ndani hapakuwa na mashabiki wa Yanga tena, palikuwa na watu wa Tabora tu. Kwa hiyo @Nyuki wa Ng'ambo mimi heshima yako nakupa.

Kimpira, nilivyoona mimi, mabeki wetu wa pembeni walipanda wote wawili kwa pamoja na mstari wa nyuma ukasimama juu kana kwamba Bacca yupo. Kocha anajua kasi haipo nyuma, kwa nini asishushe mstari hatua kumi? Hilo ndilo kosa nililomwekea Gamondi. Alikuwa na siku nne za kulifikiria.

#21 Nyuki wa Ng'ambo

Dada yangu Mungu akubariki. Ukija Ng'ambo soda iko kwangu.

#22 Chai ya Gongoni

Samahani wakuu, nachelewa kuingia. Kwa wanaoandika "Tabora United wacheze nao tena" huko vijiweni, timu siku hizi inaitwa TRA United. Jina lilibadilika 2025.

#23 Nyuki wa Ng'ambo

Jina kwenye karatasi. Nyuki ni nyuki.

#24 Mtemi wa Isevya

Turudi kwenye hoja. Nani anaweza kunijibu hili: baada ya Gamondi kuondoka, kikosi kilekile, msimu uleule, Yanga haikufungwa tena kwenye ligi. Ilimaliza na pointi 82. Imefungwa mechi mbili tu, na zote mbili ni zile za Novemba. Sare moja tu, 0-0 na JKT Tanzania. Miloud Hamdi akabeba ligi, akampiga Simba 2-0 tarehe 25 Juni, akamalizia na Kombe la Shirikisho. Kikosi kilikuwa na uwezo. Kilichobadilika ni mtu aliyekaa kwenye benchi.

#25 Beki Tatu Kitete

Mtemi unaruka tena! Kati ya Gamondi na Hamdi kuna Ramovic. Kaingia Novemba, mechi ya kwanza ya makundi Ligi ya Mabingwa kapigwa 2-0 na Al Hilal ya kocha Ibenge hapahapa Dar, ya pili 2-0 na MC Alger kule Algeria. Kwenye ligi akatuletea "gusa, achia, twende kwao", tukafurahi, lakini Afrika tulitolewa makundi kwa sababu ya pointi zile sita za mwanzo. Mwaka mmoja kabla, Gamondi alituvusha makundi kwa kumpiga CR Belouizdad 4-0. Kama huyu alikuwa tatizo, mbona alipoondoka tu Afrika ikatushinda?

Na Ramovic mwenyewe Februari akaondoka zake, kaenda Belouizdad haohao.

#26 Kibirizi Takwimu

Hapo sasa kila mtu ana ushahidi wake. Mtemi anachukua ligi, Beki Tatu anachukua Afrika. Na mimi nashikilia mabao: chini ya Ramovic mabao ya ligi yalirudi kwa sababu timu ilianza kukaba juu, mpira unaporwa karibu na goli la mpinzani. Hapo hapakuwa na suala la nani kapumzika. Ilikuwa namna ya kucheza. Gamondi alipenda kumiliki mpira mpaka upenyo uonekane, na ligi nzima ilishajifunza kukaa nyuma kumsubiri.

#27 Chai ya Gongoni

Mbona hamuutaji uwanja? Mechi zote mbili Chamazi. Baada ya pale Yanga ikahamia KMC. Mtu haondoki nyumba bila sababu.

#28 Kipenga cha Cheyo

Na zile mechi tulizoshinda Chamazi nazo tuzifute? Vital'O kala sita palepale Chamazi.

#29 Chai ya Gongoni

Sisemi uchawi mkuu. Nasema kucheza nyumbani kwa mtu unayegombea naye ubingwa. Azam anaujua kila mche wa majani pale.

#30 Kipenga cha Cheyo

Kwa Azam nakuelewa. Tabora je? Wao walitoka huku kwa basi.

#31 Nyuki wa Ng'ambo

Basi hilohilo lilirudi na pointi tatu.

#32 Mwananchi Kaliua

Mimi naomba tuseme ukweli, sababu za ndani ya uwanja ni nusu tu. Kocha haondolewi siku nane baada ya mechi kama kule juu walikuwa wanampenda. Kulikuwa na mambo ya mazoezi, nidhamu, nasikia kuna wachezaji…

#33 Mzee wa Reli

Mwanangu wa Kaliua, ya "nasikia" tuyaache. Watu wana majina yao na familia zao. Tuseme tulichokiona.

#34 Mwananchi Kaliua

Sawa mzee, nimekuelewa. Basi tulichokiona: timu iliacha kukimbia kumfuata mtu aliyeipita. Msimu wa 5-1 kila aliyepokonywa mpira alikimbia kuurudisha. Kamkumbukeni Max siku ile, kafunga mawili na bado anarudi kukaba. Novemba ya 2024 hamkuona hiyo. Kwangu ile ni shibe. Walishachukua kila kitu cha nyumbani, Ngao ya Jamii wamempiga Azam 4-1, wakaona ligi itajileta.

#35 Mzee wa Reli

Hiyo ya shibe ina uzito kuliko mnavyodhani.

Sasa niseme langu kuhusu urithi, maana Mtemi alianza na AFCON. Mimi nimefanya kazi reli ya kati miaka mingi, nimeifuata Yanga kwa redio nikiwa Malagarasi, nikiwa Itigi. Makocha wa karibuni nawaweka hivi. Pluijm aliturudishia ubingwa na kutufikisha makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika 2016. Zahera alishika timu wakati mashabiki tunachangishana hela ili wachezaji wale, na bado ilishindana. Huyo hamumtaji kwa sababu hakuacha kombe. Nabi alikuja Aprili 2021, akamaliza utawala wa Simba wa miaka minne, mechi 49 za ligi bila kufungwa mpaka Ihefu walipoikata Novemba 2022, na Juni 2023 akaenda Algiers akashinda 1-0 fainali ya Shirikisho. Kombe likaenda kwa USM Alger kwa sheria ya bao la ugenini kwa sababu tulifungwa 2-1 nyumbani.

Gamondi aliipokea timu ya Nabi bila Mayele. Hilo mnalisahau. Mshambuliaji ameuzwa Pyramids, akabaki na Musonda na kijana Mzize, baadaye Guede. Akaamua mabao yatoke kwa viungo. Ndiyo asili ya wale watatu ambao Mtemi anasema hakuwapumzisha. Hakuwapumzisha kwa sababu alijenga timu juu yao. Mkiwatoa hao hamtoi wachezaji, mnatoa mfumo wenyewe. Dube na Baleke walipokuja, alitakiwa kuijenga timu upya, na kujenga upya bingwa ambaye hajafungwa hakuna kocha anayethubutu.

Kwangu Nabi yuko juu kidogo. Gamondi anafuata.

#36 Beki Tatu Kitete

Mzee nakuheshimu, ila Nabi juu ya Gamondi sikubali. Nabi hakuwahi kufika makundi ya Ligi ya Mabingwa na Yanga. Gamondi kafika robo na hakufungwa na Mamelodi ndani ya dakika 180.

#37 Mtemi wa Isevya

Na Nabi alicheza fainali ya Afrika. Fainali ni fainali.

#38 Mnyama wa Ujiji

Shirikisho hiyo.

#39 Mtemi wa Isevya

Mnyama, na ninyi 2025 mlicheza fainali ya hiyohiyo Shirikisho, na RS Berkane wakabeba. Tuheshimiane.

#40 Kipenga cha Cheyo

Hahaha Ujiji kimya.

#41 Mwananchi Kaliua

Kuhusu AFCON: Stars ilivuka kwa pointi mbili, sare na Uganda, sare na Tunisia, kufungwa na Nigeria, kisha Morocco wakatutoa 1-0. Nafurahi kama Mtanzania, nililia siku ile. Lakini mechi nne ndani ya wiki mbili hazipimi kama kocha anajua kuzungusha kikosi cha miezi kumi. Hata Kombe la Kagame alilobeba na Singida Black Stars ni mashindano mafupi. Inawezekana Gamondi ni kocha wa mbio fupi.

#42 Beki Tatu Kitete

Pointi 80 za msimu mzima ni mbio fupi? Ameshinda 26 kati ya 30!

#43 Kocha wa Urambo

@Mtemi wa Isevya nimesoma kila kitu, nikuulize kama mwalimu kwa mwalimu. Umesema angezungusha. Mzee wa Reli amesema ukiwatoa wale watatu umetoa mfumo. Sasa taja. Ile Oktoba ungemtoa nani, ungemwingiza nani, na timu ingecheza vipi?

#44 Mtemi wa Isevya

Swali zuri mwalimu, nalijibu wazi.

JKT na Coastal, Aucho hagusi nyasi. Abuya na Mudathir wanatosha pale. Chama anaanza namba kumi mechi hizo zote mbili, Aziz Ki anapumzika kabisa, wala si kuingia dakika ya sitini. Pacome na Max wanapokezana, mmoja mmoja. Mbele Dube na Baleke pamoja, kwa sababu Coastal wakikaa nyuma unahitaji watu wawili ndani ya boksi, si mmoja anayezungukwa na mabeki watatu. Singida na Azam ndipo nawarudisha wote wakiwa wapya. Mfumo haufi kwa mechi mbili, mzee wangu. Kinachokufa ni mazoea.

#45 Kibirizi Takwimu

Coastal tuliwashinda 1-0 tukiwa na kikosi tulichokuwa nacho. Ukiweka washambuliaji wawili na Chama nyuma yao, Arusha, bila Aucho, nani anakaba kaunta?

#46 Beki Tatu Kitete

Bacca.

#47 Mtemi wa Isevya

Abuya anakaba. Mnamdharau bure. Na mabeki wangu wa pembeni anapanda mmoja, mwingine anabaki, kama Dada Asali alivyosema post namba 20.

#48 Dada Asali wa Sikonge

Mimi sikusema abaki mmoja, nilisema mstari ushuke. Mmoja akibaki unakuwa na watatu nyuma, na Boka ukimfungia nyuma umeua nusu ya krosi zetu. Hapo kwenye Boka, Mtemi, hatujaelewana.